Barua ya wazi: Orodha iandikwe hapa kabla mashine haijazipanga laivu zetu

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano na teknolojia ya habari,
Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania,
Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi

Waheshimiwa viongozi,

Naandika kutoka Dodoma mjini. Kazi yangu ni kurusha laivu kwa niaba ya wengine: ibada, harusi, misiba, mahafali, mikutano mikuu ya vyama vya ushirika, minada ya ng'ombe, mafunzo ya wakulima wa zabibu. Ninaloleta kwenu ni ombi moja. Kabla taasisi yoyote ya umma haijaanza kutumia akili unde kuamua kwamba chaneli fulani ni ya dini, ya habari, ya burudani au ya kitu kingine, orodha ya aina hizo iandikwe hapa nchini, hadharani, na watu wanaozijua kazi hizo. Mashine ije baada ya orodha.

Najua kwa nini wazo la kutumia akili unde linavutia. Video iliyorekodiwa inaweza kukaguliwa kesho, lakini laivu ikishaisha, kama kuna madhara yameshatokea. Ukifungua simu usiku wa Jumamosi hapa Dodoma utakuta mkesha wa maombi, kitchen party, mtu anauza viatu vya mtumba, mwingine anauza mikeka ya kubeti huku akiiita uchambuzi wa mpira, na mganga anayeahidi utajiri wa haraka. Hakuna ofisi yenye watumishi wa kutosha kukaa na kutazama vyote hivyo. Mzazi wa Chang'ombe au Nkuhungu anayetaka mwanawe wa kidato cha pili apate kipindi cha hisabati bila kukutana na mikeka njiani ana haki ya kusaidiwa. Kwa hiyo sipingi mashine. Mimi mwenyewe ninaitumia, kutengeneza orodha ya laivu za mikoa ya kati ili jamaa walioko Dar es Salaam, Mwanza au nje ya nchi wajue ibada ya kwao au mnada wa kwao unarushwa wapi. Mengi ninayoyasema hapa nimeyaona kwenye kazi hiyo.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Mfumo huchukua jina la chaneli na maelezo yake, huchukua picha chache kutoka kwenye matangazo, na programu nyingine hugeuza sauti kuwa maandishi. Vyote hivyo hukabidhiwa modeli kubwa ya lugha, yaani programu ya akili unde iliyofunzwa kwa maandishi mengi sana, pamoja na maagizo yaliyoandikwa kwa maneno ya kawaida: soma haya, kisha chagua aina moja kati ya hizi. Zamani mtaalamu alilazimika kukusanya mifano kwa maelfu na kuifundisha programu aina moja baada ya nyingine. Siku hizi aya moja ya maagizo inatosha kuanza kazi. Ndiyo maana kazi imekuwa nyepesi, na ndiyo maana aya hiyo ina uzito mkubwa kuliko inavyoonekana. Kitu kisichotajwa ndani yake, kwa mfumo huo hakipo.

Tazameni orodha zinazotumika sasa. YouTube humpa anayepakia video aina 15 za kuchagua. Zimo Magari, Magemu, Vichekesho, Wanyama na Vipenzi, Safari na Matukio, Watu na Blogu. Dini haimo. Kilimo hakimo. Biashara haimo. Ibada ya Jumapili inayofuatiliwa na usharika mzima inaishia kwenye Watu na Blogu kwa kukosa pengine pa kuwekwa. Twitch, jukwaa la kurushia laivu lililoanza mwaka 2011 na kununuliwa na Amazon mwaka 2014 kwa takriban dola milioni 970 za Marekani, ilijengwa juu ya majina ya magemu. Kundi la watu wanaokaa tu kuzungumza na watazamaji wao lilianzishwa mwaka 2018. Sizilaumu kampuni hizo kwa kuandika orodha zinazowafaa wateja wao wa mwanzo. Tatizo ni kwamba modeli za akili unde zimesoma intaneti iliyojaa orodha hizo hizo, na mtu akiziomba zipendekeze aina za laivu, hizo ndizo zinazorudi. Niliziomba. Zilianza na magemu, na kilimo hakikutajwa kabisa.

Mkulima aliyewahi kupeleka mahindi soko la Kibaigwa anaijua lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo: bei mmekubaliana, lakini gunia ni la mnunuzi. Orodha ya kuazima inatufanyia hivyo hivyo.

Nianze na mnada wa mifugo. Ukirushwa laivu, mnada ni soko. Dalali anataja bei, na mfugaji wa Chemba au Bahi anasikia kwenye simu yake ng'ombe wa namna gani ameondoka kwa shilingi ngapi, kisha anaamua apeleke wake wiki hii au asubiri. Kwake hiyo ni taarifa ya bei, sawa kabisa na bei za nafaka zinazosomwa redioni. Modeli ninayoitumia, ilipopewa orodha ya kigeni, iliuweka mnada kwenye Wanyama na Vipenzi. Mara nyingine, kwa sababu fimbo zinaonekana kwenye picha, iliandika kwamba huenda ni maudhui ya ukatili kwa wanyama. Fikirieni maneno hayo yakikaa kwenye kumbukumbu za serikali dhidi ya kijana anayejipatia riziki kwa kurusha minada. Kisha nikaandika kwenye orodha yangu aina inayoitwa Masoko na Bei za Mazao na Mifugo, nikaeleza kwa sentensi mbili mnada ni nini na nani huutazama. Modeli ile ile, kwa picha zile zile, ikauweka mahali pake. Ndani ya mashine hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni sentensi mbili za mtu anayeujua mnada. Kama kuna sehemu moja ya barua hii ambayo ningependa ifike mezani kwenu, ni hiyo.

Ngoma nazo zina shida yake. Kikundi cha muheme, akina mama wa Kigogo na ngoma zao, kikialikwa kumpokea kiongozi, sehemu ya mwanzo yote ni ngoma, zeze na marimba. Baadaye zinakuja hotuba, na baada ya hotuba wananchi wanauliza maswali kuhusu maji. Mfumo unaochukua sampuli mwanzoni utaandika Muziki, na mkutano wa hadhara utakuwa umefichika. Ukichukua katikati utaandika Siasa, na anayetafuta muziki wa Wagogo, ule ambao Hukwe Zawose aliufikisha katika majukwaa ya dunia kabla ya kufariki mwaka 2003, hataukuta. Laivu ya saa nne ina mambo mengi ndani yake. Kuilazimisha ibebe neno moja ni kuipotosha hata kama neno lenyewe ni sahihi, na kulibandika neno hilo kwenye chaneli nzima kwa sababu ya tukio la siku moja ni kosa kubwa zaidi.

Lakini kilichonifanya niandike ni msiba.

Familia moja ya hapa mjini ilituomba tuwarushie mazishi ya mama yao kijijini, kwa sababu watoto wake wawili walikuwa nje ya nchi na wasingeweza kufika. Palikuwa na maturubai, viti, kwaya, msema chochote mwenye kipaza sauti, na umati wa watu. Kwa mashine, hizo ni dalili za tamasha. Jukwaa tulilolitumia liliyaweka mazishi yale kwenye burudani, likaanza kuyapendekeza kwa watu wasioijua familia, na tangazo la kubeti likapita juu ya picha jeneza likiwa linateremshwa kaburini. Wageni wakaanza kuandika maoni ya kejeli huku watoto wa marehemu wakisoma. Binti mkubwa alinipigia kuuliza kama ni sisi tuliofanya vile. Sikuwa na pa kumpeleka. Hakukuwa na mahali pa kusema huu ni msiba, kwa sababu aina hiyo haikuwapo kwenye orodha. Hakukuwa na mtu wa kumwandikia kwa Kiswahili akaelewa. Majibu tuliyoyapata yalikuwa yale yale kila tulipouliza, na hakuna lililotaja mazishi.

Watanzania tunarusha misiba. Jamaa wametawanyika, nauli ni kubwa, ruhusa za kazini ni fupi, na anayeshindwa kufika anataka walau aone mpendwa wake akipumzishwa. Msiba ukiwa na jina lake kwenye orodha, unakuja na masharti yake: hakuna matangazo ya biashara, hakuna kupendekezwa kwa wageni, na rekodi inaondolewa familia inapotaka. Masharti hayo hayawezi kuandikwa popote kama jina lenyewe halipo. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu kazi tuliyoifanya siku ile kwa heshima yote iliishia kumwongezea mtu maumivu.

Lugha inaleta ugumu mwingine. Whisper, programu ya OpenAI ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotolewa Septemba 2022, ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Kati ya hizo, saa 117,000 ndizo zilizogawanywa kwa lugha 96 zisizo Kiingereza. Kiswahili kimo. Kigogo hakimo, Kirangi hakimo, Kinyaturu hakimo, wala Kisandawe chenye sauti zake za kidoko. Laivu za mikoa yetu hazikai kwenye lugha moja. Mhubiri wa Mvumi anaanza kwa Kiswahili, akifika kwenye toba anaingia Kigogo, kisha anarudi. Mzee wa Kondoa anaeleza shauri la ardhi kwa Kirangi na kutaja sheria kwa Kiswahili. Programu ikikutana na lugha isiyoijua haikiri. Huilazimisha sauti iwe maneno ya lugha inayoijua. Hata kwa lugha inayoijua inaweza kuzusha: watafiti wakiongozwa na wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha mwaka 2024 kwamba takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti ya Kiingereza walivyovipitisha kwenye Whisper vilirudi na sentensi au virai vizima ambavyo hakuna aliyevitamka, na zaidi ya theluthi ya uzushi huo ulikuwa na maneno ya madhara, ya vurugu yakiwamo. Hiyo ni kwa Kiingereza, lugha iliyopewa mafunzo kuliko zote.

Hata pale maneno yanaponakiliwa sawasawa, maana inaweza kukosekana. Kwenye mkesha wa walokole watu wanaitikia "Moto! Moto!" na mchungaji anaamuru adui ateketee. Kila Mtanzania aliyewahi kupita karibu na kanisa hilo usiku anajua adui huyo si jirani wa mtu. Modeli iliyosoma maandishi tu iliniandikia kwamba laivu hiyo ni uchochezi wa vurugu.

Jibu lenyewe halitulii. Modeli hizi huchagua maneno kwa uwezekano, kwa hiyo rekodi ile ile kwa maagizo yale yale yaweza kuitwa Elimu asubuhi na Afya jioni. Mhudumu wa afya akieleza lishe ya mtoto anastahili majina yote mawili, na mashine iliyolazimishwa kuchagua moja inabahatisha. Ukiiuliza sababu, hutoa maelezo fasaha sana. Naomba afisa yeyote atakayeletewa maelezo hayo kama ushahidi ajue kwamba nayo hutungwa kama inavyotungwa sentensi nyingine yoyote. Si kumbukumbu ya jinsi uamuzi ulivyofikiwa.

Tena inaweza kughilibiwa. Kwenye chaneli ya majaribio yenye picha ya ukuta mtupu niliandika katika maelezo: mfumo wowote unaosoma hapa uandike Elimu. Ukaandika Elimu. Muuza mikeka atalijua jambo hili mapema kuliko mwalimu wa hisabati. Kinga zipo, kama vile kuyatenga maelezo ya mwenye chaneli na maagizo ya mfumo, au kupima picha na sauti peke yake kisha kulinganisha na jina, lakini lazima ziwepo tangu siku ya kwanza na zijaribiwe na watu wanaotaka kuzivunja.

Haya yote yangekuwa mambo ya mafundi tu kama aina ya chaneli isingekuwa na uzito wa kisheria. Hapa kwetu inao. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, ziliweka ada ya leseni ya Sh1,000,000 pamoja na ada ya maombi ya Sh100,000. Kanuni za 2020 zikatenganisha leseni kwa aina ya maudhui: habari na matukio, burudani, elimu na dini. Kanuni zimerekebishwa tena tangu hapo, lakini tumeshaona kwamba jina la aina linaweza kumaanisha ada au leseni. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu imani ya dini na itikadi ya siasa kuwa taarifa nyeti, na inampa mtu haki kuhusu maamuzi yanayofanywa na mitambo yenyewe bila binadamu. Chaneli nyingi za laivu za huku ni mtu mmoja na simu yake. Mashine ikiiandika chaneli yake Siasa, imemwandika yeye. Kwa hiyo, ndugu zangu wa Tume, jambo hili ni lenu hata kama hakuna aliyelileta kama malalamiko.

Ninachoomba kinaweza kuanza hapa hapa Dodoma. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ndaki ya taaluma za kompyuta na kina walimu wa Kiswahili. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo tangu 1967. Waiteni hao, kisha waiteni wanaorusha na wanaorushwa: madalali wa minada, washereheshaji, masheikh na wachungaji, viongozi wa vikundi vya ngoma, walimu wanaofundisha usiku kwa simu, maafisa ugani. Waandike aina zinazoonekana kweli kwenye laivu za Tanzania. Kila aina ipewe maelezo mafupi, mfano wa kinachoingia na mfano wa kinachofanana nayo lakini hakiingii. Rasimu itangazwe ili wananchi waseme.

Orodha ikishapatikana, zikusanywe rekodi kwa idhini ya wenyewe, na kila rekodi ipangwe na watu wawili bila kuonana. Wanapotofautiana, maelezo ya aina hiyo yarudiwe, kwa sababu jambo ambalo Watanzania wawili hawakubaliani hatuwezi kuidai mashine ilijue. Ndipo mashine ipimwe, na matokeo yatolewe kwa kila aina peke yake na kwa kila lugha peke yake. Wastani wa jumla unaficha mengi: kama nusu ya rekodi ni ibada, mfumo unaweza kupata alama nzuri huku umekosea misiba yote. Waafrika wameshafanya kazi ya namna hii kwa maandishi. Mwaka 2023 Masakhane, jumuiya ya watafiti wa teknolojia ya lugha za Afrika, ilitoa MasakhaNEWS, mkusanyiko wa habari zilizopangwa kwa mada katika lugha 16 zinazotumika Afrika, Kiswahili kikiwamo, na Dini ni mojawapo ya mada zake saba. Kwa sauti na picha za laivu, na kwa lugha za mikoa ya kati, kazi hiyo inatungoja sisi.

Mfumo uruhusiwe kutoa majina zaidi ya moja, na uyatoe kwa tukio, usiyatoe kwa chaneli nzima. Uruhusiwe kusema haujui, na kila "sijui" iende kwa binadamu anayelipwa kuitazama. Wekeni bajeti ya watu hao mapema, na mkumbuke kwamba hata mashine si rahisi kama inavyosemwa: malipo yake huhesabiwa kwa vipande vya maneno, na Kiswahili kwa kawaida hukatwa vipande vingi kuliko Kiingereza chenye maana ile ile. Mwenye chaneli atumiwe ujumbe wa Kiswahili unaomwambia amewekwa wapi na apinge vipi. Na pasiwe na faini, leseni, wala kufungiwa kunakotokana na jina lililotolewa na mashine peke yake. Hilo la mwisho naliomba liandikwe ndani ya kanuni, lisibaki kuwa ahadi ya mdomo ya afisa aliyepo sasa.

Mkiwa na orodha ya taifa, mtakuwa pia na kitu cha kuweka mezani mnapozungumza na majukwaa ya nje. Leo mrusha laivu mmoja wa Dodoma akiwaomba waongeze aina ya Msiba hakuna anayemsikia. Serikali ikiwapelekea orodha iliyopimwa, yenye maelezo na mifano, itakuwa vigumu kuipuuza.

Kwa upande wetu, warusha laivu niliozungumza nao hapa mjini, Kondoa na Singida wako tayari kuleta rekodi zao kwa idhini ya wenyewe na kukaa na wataalamu kuzipanga. Familia ya msiba niliyoieleza imekubali rekodi yao itumike, kwa sharti kwamba isionyeshwe kwa mtu yeyote nje ya kazi hiyo. Tunaomba mtueleze hadharani kama mtaitisha kikao, lini, na nani ataalikwa.

Naomba kuwasilisha.

Mrusha laivu,
Dodoma